Karibu ya Tatu

"Niite mwizi mara moja tena, Bi Mwanarusi, moja tu, na ndoo hii ya maji utaivaa kama buibui!"

"Sikukwita mwizi. Nimesema mwenye kuvuta watoto wa watu kwa televisheni hana tofauti na mwenye kuvuta kuku wa watu kwa chenga za mchele. Ikiwa nguo imekukaa, mshoni si mimi."

"Kwani mtoto hana miguu? Si amekuja mwenyewe, kashikwa mkono na mamake?"

"Na huyo mamake kavutwa na nini? Na sinema za Kihindi?"

Kichochoro hicho cha Kuze ni chembamba, hata Mwanarusi akinyoosha mkono mlangoni pake na Firoza akinyoosha wake, chumvi yapita bila ya mmoja wao kuvaa viatu. Kwa hivyo hapakuwa na haja ya kupiga kelele. Kelele zilikuwa ni hisani kwa walioko madirishani, wasije wakapitwa. Na kweli, juu ya nyumba ya Firoza dirisha lilikuwa wazi, na Lubaba, ambaye habari ya mtaa haikumaliza siku bila ya kupita kwake, kajilaza kifua kwenye dirisha kama nguo iliyoanikwa.

"Semeni kwa kituo, jamani," akaomba. "Huku juu mengine yanipita."

"Shuka ukae mbele, nitakukatia tikiti," Mwanarusi akamjibu bila ya kumtazama.

Hapo mlango wa Firoza ukafunguka kidogo, akatokeza Purity, msichana wa miaka saba, sare ya shule bado mwilini na kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Bi Rusi, mwagombania nini?"

"Hatugombani, mwanangu," akasema Mwanarusi, sauti imegeuka asali pale pale. "Twazungumza."

"Ingia ndani, Purity," akasema Firoza, "ukamalize hesabu zako."

Na mtoto akaingia. Hakusita, hakugeuka nyuma. Mlango ukamfunika.

Matusi Mwanarusi aliyamudu. Ndiyo elimu aliyoipata bure na kuihitimu. Lakini mtoto kuingia ndani kwa neno moja la Firoza, lile ndilo lililomkata maini. Alirudi kwake, akabamiza mlango, akasimama nyuma yake akitweta. Mkekani palikuwa na sinia la mchele uliochaguliwa nusu. Alikaa auendeleze, akajikuta anatupa mchele na kubakisha mawe.

Watu wa Kuze wana neno lao la maradhi hayo. Huita ngoa. Wivu wa mume una dawa, maana mume huweza kuachwa. Ngoa ya mtoto wa mtu, ambaye si wako wala hukumzaa, utamshtakia nani?

*

Tangu afiwe na mumewe, na bintiye wa pekee aolewe Lamu, Mwanarusi alikuwa hapendi kusikia saa ya ukutani ikigonga. Nyumba ikitulia hata saa isikike, alisema, basi ina kasoro. Yeye alitaka ijae. Watoto wa kichochoro walikuwa wakitoka shule adhuhuri wakaingia kwake, viatu vikarundikana mlangoni kama msikitini siku ya Ijumaa. Wakala, wakapigana, wakaapizana, wakapatana. Saa nane wakaenda chuoni kusoma Kurani, na baada ya alasiri wakarudi, wakabaki mpaka mama zao watoke makazini. Habari za mji mzima zilimfikia kwa vinywa vyao: nani kaachwa, nani karejewa, nani kanunua friji akaitia nguo kwa kukosa umeme.

Bei hakuwahi kuitaja. Kulea mtoto wa jirani hakutajwi bei, hiyo ni aibu ya kwenda nayo kaburini. Lakini hakuna mama aliyemlaza na njaa, kwa kuwa jambo lilikuwa na njia yake. Mwisho wa mwezi mama mtu atakuja na noti kaikunja kiganjani: "Bi Mwanarusi, hiki kidogo cha sabuni." Naye atasema, "Hata! Mtoto si wetu sote?" Mama atasema, "Tafadhali, niwie radhi." Naye atang'aka, "Wallahi sitaki, wanifanya mgeni?" Mara ya tatu mama hasemi tena. Huinua pembe ya mkeka, akatia noti chini yake, na Mwanarusi wakati huo anatazama dari kama aliyeona mjusi. Hivyo kila mtu akala na hakuna aliyeajiriwa.

Na sahani pia zilikuwa na sheria zao. Ukipelekewa mbaazi kwa jirani, sahani hairudi tupu. Huna kitu? Tia ndimu mbili. Huna ndimu? Tia kipande cha sukari guru. Sahani tupu hurudishwa kwa mtu ambaye hutaki akuletee tena.

Sasa mwaka wa tisini na tano ndipo chumba cha juu ya nyumba ya Mwanarusi kilipopangwa na Caroline, mamake Purity, mtu wa Kaloleni. Mumewe Kaingu alikuwa dereva wa malori ya Kampala, akionekana kama mwezi mwandamo: kwa kutafutwa, na kwa mabishano. Caroline mwenyewe alifanya kazi Liwatoni, kwenye ghala la samaki, akiwapima na kuwapanga kwenye barafu mpaka vidole vinakufa ganzi. Alitoka asubuhi na kurudi saa kumi na moja, na meli ikichelewa naye alichelewa.

Mtoto je, akitoka shule? Caroline alihangaika. Alileta msichana wa kazi kutoka kwao. Msichana hakumaliza mwezi, akapata mchumba, akaaga huku kafunga sanduku. Akampeleka Purity kwa mwanamke mmoja Buxton, watoto kumi na wawili mkeka mmoja, na mwendo wa kutoka shule mpaka huko ni jua la utosi tupu. Mwisho akamtundikia ufunguo shingoni kwa uzi, akamwambia, "Ukifika, jifungie."

Siku ya kwanza ya ufunguo huo Mwanarusi alimkuta chini ya ngazi, hajui kuufungua mlango.

"Ndoo, mwanangu," akamwita aingie. "Umekula?"

Basi. Maneno hayo mawili, mtoto akawa wake.

Na wake kweli, maana Purity hakuwa Muislamu, chuo hakikumhusu. Saa nane, wenziwe wakiondoka na nyumba ikanywea kama puto, Purity alibaki. Walikuwa wawili tu mkekani, sinia la mchele kati yao. Mwanarusi alijua kusoma Kurani, lakini herufi za gazeti hakuzijua, na Purity alikuwa amezijua juzi juzi, bado zimo mdomoni na joto lake. Kwa hivyo alimsomea magazeti yaliyofungiwa sukari na kunde. Habari za mwezi uliopita, vipande vipande, mwisho wake umebaki kwenye kifurushi cha mtu mwengine.

"'Polisi walimfuata mtu huyo mpaka kwenye paa la nyumba, na alipoona amezungukwa...' Imeishia hapo, Bi Rusi."

"Akaruka," Mwanarusi husema.

"Akaanguka juu ya gari la mchanga."

"La mchanga? La mayai!"

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Saa ya ukutani ikigonga hakuna aliyeisikia.

*

Mwezi ulipokwisha Caroline alishuka ngazi, kasimama mlangoni, hakuingia. "Bi Mwanarusi, nikulipe shilingi ngapi?"

Yaliyofuata Mwanarusi alimsimulia Lubaba si mara moja, na kila mara akisimama kuyaigiza.

"Nikamwambia kama desturi, 'Hata, mamake Purity! Mtoto si wetu sote?' Shoga, hata mate sijameza, yeye keshasema 'Asante sana, Mungu akubariki,' noti keshairudisha kwenye sidiria, keshapanda ngazi! Mara moja! Kaniuliza mara moja tu!"

"Na mwezi wa pili?" Lubaba akauliza, ingawa alijua.

"Mwezi wa pili hakuuliza kabisa."

"Na sahani?"

"Usinitajie sahani! Kila jioni mtoto apanda na sahani ya mbaazi, ya wali, ya samaki wa kupaka. Kila asubuhi sahani yarudi imesuguliwa hata maua yake yataka kufutika. Tupu! Nyeupe! Ukiinusa, sabuni!"

"Haki ya Mungu," akasema Lubaba, amefurahi. "Hao wametosheka nawe."

Na yakawa. Jumatatu moja Mwanarusi alisikia viatu vya Purity kichochoroni, akafunua chungu kabisa, mvuke ukapanda. Viatu vikapita. Vikabisha mlango wa pili.

Habari kamili aliteremshiwa na Lubaba kabla ya alasiri. Firoza, ambaye hakuwahi kulea wa mtu, sasa analea. Mumewe Kashif hutengeneza redio na televisheni mbovu, na moja ambayo mwenyewe hakuirudia imewekwa sebuleni. Pana meza na kitambaa cha plastiki chenye picha za matufaha. Pana mashine ya kuchongea kalamu. Na pana bei, imetajwa waziwazi kama bei ya kitenge: shilingi mia tatu kwa mwezi, tangu kutoka shule mpaka saa kumi na mbili jioni.

"Bei!" Mwanarusi akasema. "Kamtajia mtu bei ya mtoto!"

"Na kalipwa," akasema Lubaba. "Kwa mwezi wa mbele."

Hapo ndipo ngoa ilipomwingia na kujitandikia kitanda. Alianza kukaa dirishani, yeye aliyekuwa akikaa mlangoni. Kupitia pazia la Firoza aliona kichwa cha Purity kimeinamia matufaha ya plastiki. Alimwona anakula bhajia. Ana nini Firoza cha kumshinda? Bhajia zake za kuchovya mafuta? Siku ya pili Mwanarusi akakaanga kaimati, akaziweka kwenye shira ya iliki, sinia akaliegesha dirishani upande wa upepo. Watoto wengine wote walikuja mbio kama nyuki. Kichwa kile hakikuinuka. Siku ya tatu akaifungua redio, taarabu ikatikisa vikombe. Kashif akatoka akamshukuru, akasema ile redio aliitengeneza yeye na alikuwa na wasiwasi nayo.

Alhamisi akamvizia mtoto mwenyewe, anatoka shule.

"Purity, mwanangu. Nimepata gazeti, la karatasi ya mkate. Pana mtu kaoa wake wawili siku moja. Ndoo unisomee."

Macho ya mtoto yakang'aa, mguu mmoja ukaondoka. Kisha ukarudi.

"Mama kasema nisiingie. Kasema kwako tumekula vya kutosha."

"Kasema hivyo?"

"Kasema vinatosha sana."

Siku hiyo ndipo alipotoka nje na kumkuta Firoza anafagia kizingiti chake, na ndiyo siku ya ndoo ya maji.

*

Wiki iliyofuata meli ya jodari ilichelewa.

Mwanarusi aliijua habari hiyo kwa njia yake ya siku zote, kwa kusikiliza. Saa kumi na mbili barabara mlango wa Firoza ukafungwa. Viatu vikavuka kichochoro, vikapanda ngazi, vikagonga chumba cha juu. Kimya. Ufunguo wa shingoni ulikuwa umeondolewa siku nyingi. Viatu vikashuka, pole pole, vikakoma kwenye daraja la mwisho, hatua tatu kutoka kwenye mlango wa Mwanarusi.

Alikuwa na wali jikoni. Alikuwa na mchuzi. Mkono ulishafika kwenye komeo.

Hapo ngoa ikasema naye, na sauti yake ilikuwa tamu. Mwache. Mia tatu ni mpaka saa kumi na mbili, sivyo? Basi mwache mamake arudi amkute kwenye ngazi, aione hiyo bei yake ilipoishia. Aje mwenyewe agonge. Agonge mara tatu.

Akakaa kitandani. Alimsikia mtoto anajiimbia wimbo wa shule, akakosea, akaanza upya. Halafu hakusikia kitu. Kukaadhiniwa magharibi. Akatandika msala, akaswali, na alipofika mwisho hakujua ameswali rakaa mbili au nne. Akaanza tena. Mara hii, aliposujudu, alisikia saa ya ukutani: ka, ka, ka. Alitoa salamu upesi upesi, astaghfirullah, akaenda akafungua mlango.

Giza la ngazini. Firoza alikuwa amekaa daraja la mwisho, mtandio umemteleza. Purity kalala mapajani mwake, na kando yao sahani ya chapati iliyobakia kipande.

Wanawake wawili wakatazamana.

"Saa zako si zishakwisha?" Mwanarusi akanong'ona.

"Zishakwisha. Kashif yuko ndani agonga sufuria kwa kijiko, ataka chakula." Firoza naye alinong'ona. "Ningemwacha na nani? Na wewe uliye nyuma ya mlango?"

"Nilikuwa naswali."

"Tangu saa kumi na mbili?"

Mwanarusi akakaa kwenye kizingiti chake. Ugomvi wa kunong'ona ni mgumu kuliko wa kelele, maana ndani yake hamna pa kupumzikia.

"Umenichukulia mtoto, Firoza."

"Sikukuchukulia. Nililetewa. Mamake alikuja kwangu analia. Kasema, 'Mama wa chini ananilelea mtoto bure, ananilisha kila jioni, nami sina njia ya kumlipa, hataki pesa. Nikipita mlangoni pake nainama kama mwizi.' Kaniuliza kama mimi naweza kumlea kwa bei. Nikataja bei. Wallahi, Bi Mwanarusi, nilimwona mabega yakishuka kama aliyetua mtungi."

"Sitaki pesa? Kaniuliza mara moja!"

"Na ukasema hapana."

"Kila mtu anajua hapana ya kwanza si hapana!"

"Kila mtu wa hapa," akasema Firoza. "Nyinyi mwataka muombwe mara tatu. Yeye kwao ukimwambia mtu hapana, atakuheshimu, atakwenda zake."

"Na sahani? Sahani tupu pia ni heshima?"

"Mama mzazi wa Caroline alikuwa yaya katika nyumba za matajiri Nyali. Akimpa mtoto wake sahani ya tajiri airudishe, alimpiga kofi ikiwa na hata tone la mchuzi. Iende safi, irudi safi, usijifanye wewe ni wa kumpa tajiri kitu. Huyu alikuwa akizisugua sahani zako kwa majivu, Bi Mwanarusi. Kucha zake zote zimekwisha."

Mwanarusi akazitazama kucha zake mwenyewe. Lakini ngoa haifi kwa habari njema. Ilijigeuza upande tu.

"Na hayo yote wewe umeyajuaje? Amekaa juu ya kichwa changu mwaka mzima, mimi hajaniambia neno. Wewe umeyajuaje?"

Firoza akamrekebishia mtoto kichwa mapajani.

"Nilimuuliza," akasema.

Mbio zikasikika kichochoroni. Caroline akaingia anahema, magamba ya samaki yamemganda mikononi mpaka viwikoni, yanametameta kwa taa ya nje. Akamwomba Firoza radhi mara nne kwa pumzi moja. Kisha akamwona Mwanarusi, na shingo yake ikainama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akamtwaa mtoto begani, akapanda. Alipita kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa, na safari hii Mwanarusi alikuona kuinama kule kulivyokuwa.

*

Jumapili Caroline haendi kazini. Mwanarusi aliamka akavaa leso mpya, akavua, akavaa ya zamani, asionekane anakwenda kuposa. Mwaka mzima hakuwahi kupanda ngazi ile. Wapangaji ndio huteremka. Alisimama chini yake akiitafuna bei mdomoni kama mtoto anayehifadhi sura.

Mia tatu? Hapana, mia tatu ni ya Firoza, hawezi kuvaa nguo aliyokwisha kuvaa Firoza. Mia tatu na hamsini? Watasema ana tamaa. Alipanda daraja moja, akashuka. Huko juu kwenye dirisha la ng'ambo Lubaba akakohoa kikohozi cha kumpa moyo.

"Wewe huna jiko la kuangalia?" Mwanarusi akamfokea, akapanda kwa hasira hiyo hiyo kabla haijapoa.

Harufu ilimpokea katikati ya ngazi. Kichwa cha nguru, kimepikwa kwa nazi na ukwaju, na pilipili imewekwa nzima ili isiwashe bali inukie. Mwanarusi akapandisha pua. Nani kamfundisha huyu kupika? Akafika juu, akatazama chini ya pazia la mlango, na moyo ukamruka.

Viatu vya Firoza.

Vimepangwa pale pale mlangoni, vile vya ngozi vyenye kidole gumba, kama vya mwenyeji. Kumbe! Yeye anakesha akitafuna bei, mwenzake keshakaa mkekani, anamumunya jicho la nguru! Angegeuka arudi, na kweli mguu ulishageuka, lakini pazia likafunuliwa na Caroline akawa mbele yake, mwiko mkononi.

"Bi Mwanarusi!"

Hotuba yote aliyoiandaa ikamwagika. Kilichobaki mdomoni ni bei peke yake, nayo ikatoka kama chafya.

"Mia mbili na tisini!"

Caroline akakodoa macho.

"Kwa mwezi," akasema Mwanarusi, uso unamwaka. "Kumlea Purity. Mia mbili na tisini. Na meli zikichelewa hazimo, hizo sizihesabu, hata zichelewe mpaka alfajiri, mlango wangu ni mlango wake. Chakula pia hakimo. Sahani irudi vyovyote itakavyorudi. Nimetaja. Haya."

Hajawahi kutaja bei maishani mwake. Alihisi kama amesimama sokoni bila ya leso.

"Nimesikia hiyo tisini!" sauti ya Firoza ikaja kutoka ndani, ina chakula mdomoni. "Kumi umezipunguza kwa ajili yangu, Bi Mwanarusi!"

"Sikusema nawe!"

Caroline hakucheka. Alisimama na mwiko wake unadondosha tui, na mabega yake, Mwanarusi aliyaona kwa macho yake mwenyewe wala si kwa kusimuliwa, yalishuka. Pole pole, yote mawili.

"Hiyo naweza," akasema Caroline. "Hiyo naiweza kabisa." Halafu akasogea kando. Nyuma yake Mwanarusi aliona mkeka, sufuria kubwa aliyomwazima siku alipohamia, na pembeni, juu ya kigoda, sahani. Sahani yake ile yenye maua, ya jioni ya mwisho, ambayo haikuteremka tena. Imefunikwa kwa kawa, na chini ya kawa mvuke ulikuwa unapenya.

"Ilikuwa inateremka kwako," akasema Caroline kwa haya. "Sikujua kama... Kazini hutuuzia vichwa kwa bei ndogo. Nilikuwa naona aibu, nasema nitamnukishia samaki mama wa watu. Karibu chakula."

"Ahsante, mwanangu, nishakula."

Ilitoka yenyewe. Miaka hamsini ya adabu ilitoka yenyewe, kabla ya akili kuamka, na palepale Mwanarusi aliona alichokifanya. Aliona uso wa Caroline unapokea hapana ile, unaiheshimu, unaikunja kama noti. Aliuona mkono wake unaanza kulirudisha pazia. Tumbo la Mwanarusi, ambalo halikutiwa kitu tangu jana usiku kwa ajili ya bei, likanguruma hadharani.

Kutoka mkekani Firoza alikohoa. Caroline akageuza kichwa. Firoza, bila ya kusema, alikuwa ameinua vidole viwili vilivyojaa mchuzi.

Caroline akavitazama, akamgeukia tena Mwanarusi. "Karibu chakula, Bi Mwanarusi," akasema, kwa uangalifu, kama mtu avukaye ubao.

"La, la, msijisumbue jamani," akasema Mwanarusi, na safari hii sauti ilitetemeka, maana alijua anapokwenda na hakujua kama mwenzake anajua njia.

Kidole cha tatu kikainuka. Purity, ambaye alikuwa akihesabu pamoja nao kwa midomo, akajivuta mkekani, akamsukuma Firoza kwa kiwiko, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti, kimelowa mafuta ya samaki.

"Hiki kina mwisho, Bi Rusi," akasema.

Caroline akalishika pazia, akaliinua juu kabisa.

"Karibu," akasema.